Kuingia Ndani ya Piramidi Si Kuigundua

Ukifika leo ndani kabisa ya piramidi ya Khafre, Firauni wa Misri ya kale, ya pili kwa ukubwa pale Giza karibu na Kairo, jina litakalokupokea katika chumba cha kaburi si la Khafre. Ni la Mwitaliano. Limepakwa ukutani kwa herufi nyeusi kubwa, kwa lugha ya kwao, likitangaza kwamba mahali hapa pamegunduliwa na G. Belzoni, tarehe 2 Machi 1818. Zaidi ya miaka 200 imepita na bado halijafutika.

Siku ile ile Belzoni alikuta ukutani maandishi mengine yaliyomtangulia. Yalikuwa ya Kiarabu, yameandikwa kwa mkaa, na yalikuwa yamechakaa kiasi kwamba ukiyagusa yanakuwa vumbi kidoleni. Akamtafuta Mkopti mmoja, yaani Mkristo wa Misri, ayanakili, kisha yakapelekwa kufasiriwa. Yakasema kuwa fundi Muhammad Ahmad, mpasua mawe, ndiye aliyefungua; kwamba fundi Uthman alikuwapo na kushuhudia; na likatajwa jina la mfalme wa wakati huo. Basi. Mafundi wawili, karne kadhaa kabla ya Mwitaliano, wameshaingia, wameshatazama, wameandika majina yao na kutoka.

Nampa Belzoni haki yake: maandishi hayo hakuyaficha. Aliyachapisha mwenyewe katika kitabu chake cha mwaka 1820, pamoja na tafsiri yake. Kinachonisumbua ni kwamba aliyasoma, akayaelewa, akayachapisha, na bado neno lake likabaki lile lile: nimegundua. Hilo ndilo jambo ninalotaka tulitazame kwa makini, kwa kuwa historia nzima ya Wazungu wa mwanzo pale Giza imejengwa juu ya neno hilo, na sisi tumelipokea bila kuligeuza upande wa pili.

Katika Kiswahili neno kugundua ni neno la unyenyekevu. Mtu hugundua kwamba mfuko wake umetoboka. Tundu lilikuwepo tangu juzi, yeye tu ndiye hakujua. Hugundua kwamba mgeni ameshaondoka. Kugundua ni jambo linalomtokea mtu kichwani mwake, halina maana kwamba kitu kimeanza kuwepo siku hiyo. Lakini vitabu vya shule vilipotufundisha kwamba Rebmann aligundua Kilimanjaro mwaka 1848 na Speke akagundua Ziwa Nyanza mwaka 1858, neno lilibadilishwa kazi. Likawa hati ya umiliki. Wachaga waliokuwa wakilima migomba chini ya mlima ule hawakuhesabika, kama ambavyo fundi Muhammad Ahmad hakuhesabika.

Sasa, ni rahisi kuishia hapo: kuwalaani Wazungu wote kwa pamoja na kufunga hesabu. Sitaki kufanya hivyo, maana hesabu haifungiki hivyo. Walioenda Giza kati ya mwaka 1600 na 1880 hawakuwa watu wa aina moja. Kipimo ninachokipendekeza ni hiki: tuache kuuliza nani aliingia kwanza, tuulize kila mmoja alimwachia nini anayekuja nyuma yake.

Tuanze kabla yao. Karne za kati, mahujaji wengi wa Ulaya waliamini kwamba piramidi ni maghala ya nafaka ya Nabii Yusufu. Imani hiyo imechorwa kwa vijiwe vya rangi katika kanisa la Mtakatifu Marko pale Venice, kazi ya karne ya 13: piramidi zimewekwa madirisha, na nafaka inaletwa. Karibu na wakati huo huo, kwenye mwaka 1200 hivi, tabibu wa Baghdad aitwaye Abd al-Latif alikuwa Misri, na hakuandika habari za maghala. Aliandika juu ya namna mawe yalivyounganishwa kwa ustadi hata huoni pa kupenyeza kitu. Alisema kwamba maandishi aliyoyaona juu ya nyuso za piramidi zile mbili kubwa, ukiyanakili, yangejaza kurasa elfu kumi. Alijaribu kupanda ndani ya ile kubwa pamoja na wenzake. Akafika kama theluthi mbili ya njia, akazimia kwa hofu, akatolewa akiwa hana hali. Hilo pia aliliandika. Mimi humwamini zaidi msafiri anayekiri kwamba alizimia.

Na ni yeye aliyeandika habari ya uharibifu alioushuhudia kwa macho yake. Mwaka 1196, Sultani al-Aziz Uthman, mwana wa Salahuddin, alishawishiwa kuibomoa piramidi ndogo ya Menkaure. Kikosi cha wavunjaji kilipiga kambi kwa miezi minane, kwa siku kikitoa jiwe moja au mawili kwa jasho lote. Mwisho wakachoka wakaondoka, wakiacha jeraha upande wa kaskazini ambalo linaonekana hadi leo. Abd al-Latif alimuuliza msimamizi wao kama angeweza, kwa malipo ya dinari elfu, kurudisha jiwe moja mahali pake. Akaapa kwamba hata kwa dinari mara nyingi zaidi ya hizo hawangeweza. Nalitaja hili ili mtu asije akadhani kwamba naamini uharibifu ulivuka bahari kutoka kaskazini. Njia wanayoingilia watalii leo katika piramidi ya Khufu, ile kubwa kuliko zote, ni handaki linalohusishwa na Khalifa al-Ma'mun, aliyefika Misri mwaka 832. Na mawe meupe laini yaliyozifunika piramidi kwa nje yaling'olewa yakajenge Kairo.

Mzungu wa kwanza ninayemheshimu bila masharti mengi ni John Greaves, mwanahisabati wa Kiingereza. Alifika Giza miaka ya 1638 na 1639, na alikuja akiwa amejiandaa kwa namna ambayo wengi waliomfuata hawakujiandaa: alijifunza Kiarabu. Aliwasoma waandishi wa Kiarabu waliotangulia kueleza piramidi, akawanukuu kwa majina yao katika kitabu alichokitoa mwaka 1646. Hakuanza hadithi siku aliyoshuka melini.

Halafu akapima. Alikuwa na kijiti cha futi kumi kilichogawanywa kwa uangalifu mkubwa, na akatambaa nacho katika ujia wa piramidi ya Khufu uliojaa popo, akapanda njia kuu ya ndani, akafika katika chumba cha mfalme. Lile sanduku la graniti lililomo humo alilipima hadi sehemu ya elfu moja ya futi: urefu wa ndani futi 6.488. Mbona ujisumbue hivyo kwa sanduku tupu? Kwa sababu aliona mbali. Vipimo vya mataifa hupotea, alisema, futi ya leo si futi ya kesho. Lakini jiwe hili halitahama, kwa hiyo wa baadaye watakaokuja kulipima kwa kipimo chao watajua futi yetu ilikuwa na urefu gani. Aligeuza jeneza la Firauni kuwa barua kwa watu ambao hawajazaliwa. Sijakutana na wazo zuri kuliko hilo katika habari zote za Wazungu pale Giza.

Alikosea pia. Upande wa chini wa piramidi aliupata futi 693, kama mita 211, ilhali ni mita 230. Kosa halikuwa la mkono wake. Pembe za piramidi zilikuwa zimefukiwa na mchanga na vifusi, naye alipima alichokiona. Lakini kwa kuwa aliandika alivyopima, kosa lake liliweza kukaguliwa na kusahihishwa. Na namba zake zilifanya kazi kabla hata ya kusahihishwa: Isaac Newton, ambaye hakuwahi kukanyaga Misri, alizichukua na kuona kwamba chumba cha mfalme kilijengwa kwa dhiraa 20 kwa dhiraa 10. Dhiraa, kipimo cha kiwiko hadi ncha ya kidole, ambacho wafanyabiashara wa pwani yetu walipimia nguo. Kutoka hapo ikawezekana kuijua dhiraa ya mafundi wa Khufu, sentimita 52 na kidogo. Huo ndio ugunduzi. Haukuhitaji kuvunja kitu.

Belzoni tumwangalie kwa undani kidogo, maana amependwa sana na anapendeka. Alizaliwa Padua mwaka 1778, akawa jitu la kutisha kwa urefu, akaishi London akibeba watu mabegani jukwaani kwa ajili ya kiingilio. Alikuja Misri mwaka 1815 kumuuzia Muhammad Ali Pasha, mtawala wa Misri, mashine ya kupandisha maji. Mashine haikupata kibali, fedha zikaisha, na ndipo akaingia katika kazi ya kuhamisha na kuchimbua mambo ya kale.

Akili alikuwa nayo. Wakati huo wengi walishasema kwamba piramidi ya Khafre haina mlango, pengine ni jiwe tupu hadi katikati. Belzoni aliajiri vibarua 80 kutoka vijiji vya jirani, piasta moja kwa siku kwa kila mtu, akawagawa makundi mawili. Kundi la kaskazini lilichimba siku nyingi, likafika kwenye tundu. Likaingia. Lilikuwa handaki la wavunjaji wa zamani, halikuwa na mwisho wa maana, na jiwe kubwa liliporomoka likamfungia mmoja wa vibarua. Walimtoa akiwa hai, ameumia mgongo. Vibarua wakaanza kunong'onezana juu ya tajiri wao: majnun. Mswahili hahitaji kufasiriwa neno hilo.

Hapo ndipo Belzoni alipofanya jambo la kumsifu. Alisimamisha kazi. Akaenda kwenye piramidi ya Khufu, akatazama mlango wake uko wapi, akaona kwamba hauko katikati ya ukuta bali umesogea mashariki kwa futi kama 30. Akarudi kwa Khafre, akapima umbali unaolingana, akaona kwamba kifusi cha mahali hapo kimelala tofauti. Akawaambia wachimbe. Siku chache baadaye yakatokea mawe ya graniti, na nyuma yake ujia unaoteremka, na mbele ya ujia jiwe la kuzuia njia ambalo ilibidi linyanyuliwe kidogo kidogo hadi mtu apite. Kufikiri huko, kulinganisha mlango na mlango, ndiko kulikokuwa kugundua kwake. Angeandika hilo ukutani ningempigia makofi. Lakini fikra aliiacha kitabuni, ukutani akaacha jina lake peke yake. Majina ya wale 80 hayapo juu ya jiwe lolote.

Ndani ya jeneza la mawe alikuta udongo na mifupa. Ilipochunguzwa Uingereza, mifupa ikaonekana kuwa ya ng'ombe.

Miaka 19 baadaye akaja Kanali Howard Vyse, na hapa makala hii inanipa taabu.

Vyse alikuja na fedha zake mwenyewe, mamia ya vibarua, mhandisi mmoja hodari aitwaye John Perring, na baruti. Juu ya chumba cha mfalme katika piramidi ya Khufu palikuwa na nafasi finyu ambayo Mwingereza Nathaniel Davison aliingia mwaka 1765 kwa kupenya katika kinyesi cha popo. Vyse alishuku kwamba juu ya nafasi hiyo ipo nyingine. Mawe yalikuwa ya graniti na patasi zilikuwa zikigonga bila kuingia, kwa hiyo akalipua. Kati ya Machi na Mei 1837 alifungua vyumba vinne, kimoja juu ya kingine, na kila kimoja akakipa jina: Wellington, Nelson, Bibi Arbuthnot, Campbell. Jenerali, amiri, bibi wa watu, na balozi mdogo wa nchi yake. Vyumba vilivyofungwa na watu wa Khufu miaka 4,500 iliyopita vinaitwa hivyo mpaka leo kwenye ramani zote, kama ziwa letu linavyoitwa kwa jina la malkia ambaye hakuwahi kulitia mguu.

Nje, upande wa kusini, alilipua shimo kubwa akitafuta mlango ambao haukuwepo. Shimo lipo. Katika piramidi ya Menkaure alifika hadi chini, akalikuta jeneza zuri la basalti, akalitoa, likapakiwa katika meli ya Beatrice kupelekwa London. Meli ilizama mwaka 1838 baada ya kuondoka Malta. Jeneza lililovumilia wezi, masultani na karne zaidi ya arobaini likazamishwa na nia ya kulihifadhi.

Basi kwa kipimo changu Vyse anapaswa kuwa wa mwisho kabisa. Lakini ndani ya vile vyumba vinne, ambavyo bila baruti yake pengine tusingeviona, kulikuwa na kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekiona ndani ya piramidi ile: maandishi ya wajenzi wenyewe. Ni alama za rangi nyekundu zilizochorwa na vikosi vya kazi kabla mawe hayajapandishwa, na majina ya vikosi yamebeba jina la Khufu. Nyingine zimekaa kichwa chini, kwa sababu jiwe lilipowekwa mahali pake hakuna aliyejali mchoro unaelekea wapi. Leo mtandaoni wako wanaosema Vyse alizichora mwenyewe, na hao hao wakaendelea hadi kwa viumbe wa sayari nyingine. Zipo alama zinazoingia katika maungio kati ya jiwe na jiwe, mahali ambapo brashi ya mtu haifiki baada ya jiwe kukaa. Zilichorwa na Wamisri, zikijibu swali la nani aliyejenga: sisi, vikosi vya Khufu.

Kwa hiyo aliyeharibu zaidi ndiye aliyetuletea ushahidi mkubwa wa karne ile. Nimejaribu mara kadhaa kulipindisha hili likae vizuri katika hoja yangu, limekataa. Nafikiri tunalazimika kulibeba lilivyo. Ninachoweza kusema ni kwamba Vyse hakuwa akitafuta wajenzi. Alitafuta vyumba. Alichokitafuta alikipa majina ya wakubwa wa kwao. Asichokitafuta ndicho kilichobaki na thamani.

Baada yake ilikuja aina nyingine ya upotoshaji, wa hesabu. Charles Piazzi Smyth, mwanaastronomia wa kifalme wa Scotland, alikwenda Giza mwaka 1865 akiwa tayari ameshaamini kwamba piramidi ya Khufu ilijengwa kwa inchi takatifu iliyotoka kwa Mungu, na kwamba upande wake mmoja umeficha idadi ya siku za mwaka. Ukiisikiliza vizuri imani hiyo, chini yake kuna jambo moja: Wamisri hawakuwa na uwezo huo, lazima walishikwa mkono. Mwaka 1880 akaja kijana wa miaka 27, Flinders Petrie, ambaye baba yake alikuwa shabiki wa Smyth. Alikaa ndani ya kaburi la kale, akapima uwanda mzima wa Giza kwa hesabu ya pembetatu, kwa miezi. Nadharia ya Smyth ilihitaji upande wa inchi 9,140. Petrie alipata kama 9,069. Hesabu takatifu ikafa pale pale.

Petrie huyo huyo baadaye alishikilia kwamba ustaarabu wa Misri uliletwa na mbari ya wavamizi kutoka nje. Mkono uliopima mawe kwa uaminifu ule haukuweza kupima watu.

Hata hivyo katika kitabu chake cha mwaka 1883 aliacha habari ambayo kwangu ina uzito kuliko namba zake. Alimshukuru msaidizi wake, Ali Gabri, mkazi wa pale pale. Ali alianza kazi Giza mwaka 1837, akiwa na umri wa miaka mitano, akibeba vikapu vya kifusi cha Vyse. Alipokuwa mtu mzima alimtumikia Smyth. Akamtumikia Waynman Dixon, mhandisi aliyekuja mwaka 1872. Kisha Petrie. Hesabu hapo: mlipuaji, mwota ndoto, mhandisi na mpimaji, kila mmoja alifika, akakaa kwa misimu yake, akaondoka na kuandika kitabu au kuandikwa. Mtu mmoja aliwaona wote. Alijua nani alichimba wapi, kifusi kipi ni cha nani, kipi kilikuwepo kabla. Petrie alikiri kwamba ujuzi wake hauna bei. Ujuzi huo ulikuwa kichwani mwa Ali Gabri, na tulichokipata ni kile tu ambacho Mzungu aliona vyema kumuuliza.

Dixon niliyemtaja alivunja ukuta wa chumba kinachoitwa cha malkia, katika piramidi ya Khufu, akakuta njia mbili nyembamba, na ndani yake vitu vitatu: tufe la jiwe, kulabu ya shaba na kipande cha mti wa mwerezi. Viwili vya kwanza viliishia British Museum. Mti ulipotea. Ulikuwa umechukuliwa na rafiki yake, daktari James Grant, na mwaka 1946 familia ya daktari iliupa Chuo Kikuu cha Aberdeen, ambako haukuandikwa vizuri katika daftari na hakuna aliyejua uko rafu gani.

Desemba 2020 chuo kilitangaza kwamba umepatikana. Aliyeupata ni Abeer Eladany, mwanaakiolojia wa Kimisri aliyewahi kufanya kazi katika jumba la makumbusho la Kairo. Alikuwa akipitia vitu vya bara la Asia, akaona kopo la sigara lenye bendera ya zamani ya Misri juu yake, akajua kwamba halistahili kuwa pale. Alilinganisha namba na rekodi nyingine, kisha akafungua. Ndani mlikuwa na vipande vya mti vilivyovunjika vunjika. Vipimo vya kaboni vikaonyesha umri wa kati ya mwaka 3341 na 3094 KK, karne kadhaa kabla ya Khufu mwenyewe, mti ambao yaelekea ulikuwa mkongwe tayari siku fundi alipouingiza katika ile njia ya mawe.